Siku ya 11 ya dawa ya wasiwasi: hii ni dawa au ni ugonjwa wenyewe?

SindanoNaUzi, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa nguo, nina banda langu pale Kibuye, na Januari ndiyo nashona sare za shule hadi vidole vinauma. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Tangu Agosti nimekuwa nikishikwa na kitu kifuani. Nikipanda matatu Kondele, kabla haijajaa moyo unaanza kukimbia, vidole vinakufa ganzi, najiona nafia pale pale dirishani. Nilipima malaria mara nne, haipo. Nikapimwa taifodi, ikapatikana (hapa kwetu taifodi ukiitafuta haikosekani), nikachomwa sindano siku tano, na moyo ukaendelea kukimbia. Presha sawa. Kipimo cha umeme wa moyo sawa. Damu ya kuangalia tezi ya shingo sawa. Mwishowe daktari mmoja akasukuma makaratasi yote kando akaniuliza, "Mama, unalala?" Nikalia hapo hapo.

Akaniandikia sertralini, tembe za miligramu 50. Nusu kwa siku saba, halafu nzima. Akasema itachukua muda kufanya kazi. Kwamba kabla ya kufanya kazi ingenifanyia haya mengine, hakusema. Au alisema nikiwa bado nalia.

Siku ya pili, kichefuchefu. Jirani wa banda langu anauza omena, na mimi nimelelewa kwa omena, lakini siku hiyo nilihamisha mashine hadi ukuta wa pili. Siku ya tatu, miayo. Si ya usingizi, ni miayo tu, taya karibu ling'oke. Mteja akaniuliza kama maneno yake yananichosha. Usiku saa tisa niko macho, meno yamebana, mbwa wote wa Manyatta nimeshawajua kwa sauti. Siku ya sita nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Miaka 14 ya kazi hii! Nikamwita mtoto wa jirani anitungie.

Sasa juzi, siku ya tisa, nikiwa ndiyo nimeanza tembe nzima, nilishikwa vibaya kuliko hata kabla ya dawa. Nilikaa nyuma ya marobota ya vitambaa robo saa nzima, nimeshikilia mabati. Ni kama huo wasiwasi wenyewe ndio nimeuziwa kwa pakiti.

Kwenu ilikuwa hivi? Nitajuaje kwamba hii ni dawa na hii ni ugonjwa? Nirudi nusu, ama niache kabisa? Mama mkwe ameona pakiti, anasema hizo ni za Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na ukianza hutoki.

BodaYaFreeArea, Nakuru

Pole sana dadangu. Hapo kwa marobota nimecheka na nimesikitika, kwa sababu mimi nilijifungia choo cha kituo cha mafuta, abiria yuko nje anapiga honi ya pikipiki yangu mwenyewe.

Nilianza hiyo hiyo sertralini mwaka juzi. Wiki mbili za kwanza ni mbaya, sitakudanganya. Kwangu kubwa lilikuwa kizunguzungu: nikigeuza shingo haraka, kichwa kinafika baadaye. Niliegesha pikipiki siku nne. Pesa nilipoteza, lakini ile barabara kuu na malori yake si ya mtu ambaye kichwa chake bado kinakuja.

Kuhusu kujua dawa ni ipi na ugonjwa ni upi, mimi nilikuwa naandika nyuma ya kitabu cha chama. "Jumanne, saa nne, moyo, dakika 20, nilikuwa nimebeba mzigo." Hivyo tu. Baada ya siku kumi nikaona kitu. Ule wasiwasi wangu wa zamani ulikuwa unakuja na hadithi yake: nitaanguka, nitakufa, watoto watabaki na nani. Huu wa dawa ulikuwa mwili tu unatetemeka, hadithi haina. Sijui kama kila mtu ni hivyo, lakini mimi nilipogundua hayo niliacha kuuogopa sana. Unatetemeka, unangoja, unapita.

Nilikuwa nameza usiku, usingizi ukakataa. Nikampigia daktari, akasema nihamishie asubuhi. Halafu akaniuliza natafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha kama miraa, kiasi gani. Nikasema kidogo. Akaniuliza kidogo ni ya shilingi ngapi. Hapo sikuwa na jibu zuri. Niliacha muguka, na chai nikashuka kutoka vikombe sita hadi viwili, na kusema kweli sijui ni kipi kilisaidia zaidi.

Wiki ya nne nilitoka Pipeline hadi mjini, nikashusha abiria, nikapokea pesa, ndipo nikashtuka: sikuhesabu mapigo ya moyo njia nzima. Hakukuwa na furaha yoyote ya ajabu. Ni kwamba nilisahau kuogopa.

Lingine, na wanaume wenzangu mnisikie: chumbani mambo yanaweza kuchelewa, au hamu ikapungua. Mimi niliona aibu kumwambia daktari, nikaacha dawa kimyakimya mwezi wa pili. Siku tatu baadaye kichwani zinapita shoti kama waya wa plagi uliochubuka, na hasira ya bure. Nikaanza upya kutoka nusu. Ningesema tu, angepunguza au angebadilisha.

MuuguziMstaafu, Kakamega

Mulembe mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nitajibu ninayoyajua, lakini habari ya kurudi nusu mpigie aliyekuandikia, leo, usingoje tarehe ya kliniki. Kurudi nusu kwa wiki moja zaidi halafu kupanda tena ni jambo ambalo madaktari hulifanya, wala si kushindwa. Ila lifanyike kwa kujua kwake.

Hiyo dawa huzuia serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe, isifyonzwe upesi kati ya seli za ubongo. Hilo huanza mapema sana, siku za kwanza. Lakini ubongo wenyewe huchukua wiki kadhaa kujipanga upya, na katikati hapo ndipo mtu hutetemeka, hukosa usingizi, wasiwasi hupanda kabla ya kushuka. Mtu wa wasiwasi huanzishwa kwa nusu kwa sababu hiyo hasa. Na tumbo linasumbua kwa kuwa sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko huko tumboni, si kichwani. Meza baada ya uji, usimeze na tumbo tupu. Kichefuchefu kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Nafuu ya wasiwasi hungojwa wiki nne hadi sita, na kwa wengine huenda hata wiki 12. Kwa hiyo siku ya 11 hata hujafika nusu ya njia, mwanangu, usiihukumu bado.

Sasa yale ya kutongoja. Ukipata mawazo ya kujidhuru au ya kwamba heri usingekuwepo, mwambie mtu wa nyumbani saa hiyo hiyo na uende hospitali. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199. Hili nalisisitiza zaidi kwa walio chini ya miaka 25, kwani kwao mawazo hayo huweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa. Ukiwa huwezi kutulia kitini hata dakika moja, au kinyume chake, umekuwa na nguvu za ajabu, hulali na huchoki, unatumia pesa ovyo, hiyo pia ni ya kwenda. Na homa pamoja na misuli kukaza na kuchanganyikiwa, hiyo ni ya dharura.

Jambo la Kisumu sasa. Najua mtaa huo: kichwa kikiuma mtu anaenda kemisti, anapewa chochote. Tramadoli usipewe pamoja na hii dawa bila daktari kujua. Diklofenaki na brufeni pamoja nayo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni, na hasa mwenye vidonda vya tumbo ajihadhari. Ukipata malaria ya kweli, taja unachotumia kabla hujapewa dawa ya AL, kwa sababu AL na baadhi ya dawa za kundi hili hugusa mapigo ya moyo. Dawa za mitishamba pia, zitaje.

Mama mkwe mwambie hivi kwa heshima: hii si dawa ya kutamani wala ya kuongeza kila siku kama pombe. Ila haiachwi ghafla, huyo kijana wa boda amekueleza. Ukishapata nafuu huendelezwa miezi sita au zaidi, kisha hupunguzwa polepole.

NgomeYaImani, Kitale

Dada, wasiwasi ni roho. Achana na vidonge, funga siku tatu uombe.

MuuguziMstaafu, Kakamega

Ndugu yangu, mimi nimezaliwa katika kanisa la Friends, nimeomba tangu sijui kusoma. Asubuhi naomba, kisha nameza ya presha. Mtu ambaye tumbo linamsumbua hivyo usimwambie afunge siku tatu. Muombee, ni vizuri, mimi pia nitamuombea.

SindanoNaUzi, Kisumu

Nimerudi, ni katikati ya Februari, samahani kwa kimya. Sare zilinimeza.

Nilimpigia daktari siku ile ile. Alinirudisha nusu kwa siku saba, akasema nikipanda tena nimeze asubuhi na uji. Mara ya pili tembe nzima ilinitikisa siku mbili tu. Kitabu cha chama sina, nikawa naandika kwa chaki ya kukatia nguo nyuma ya mlango wa banda. Wateja wanadhani ni vipimo vya watu. Mama mmoja alisimama hapo akasoma "Alhamisi, moyo, 15" akaniuliza huyo Alhamisi kifua chake ni kidogo hivyo?

Wiki ya tano sasa. Sijapona, nisiseme nimepona. Juzi Kondele nilishuka kwenye matatu ikiwa bado haijajaa, nikapanda ya pili. Ila nililala usiku mzima mara tatu wiki iliyopita, na uzi natunga mwenyewe. Si kila mara kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe nilimwambia maneno yale ya mama wa Kakamega, nikamwambia yametoka kwa muuguzi. Alinyamaza. Jioni akaniletea unga wa wimbi wa uji, bila kutaja dawa.

Kaka wa Nakuru, swali moja limebaki. Wewe pia ulipata miayo? Iliisha lini?

BodaYaFreeArea, Nakuru

Haijaisha. Abiria wangu wamezoea.