Kipakatalishi cha zamani kinakataa Linux, naomba ushauri kabla sijanunua diski

MwalimuNyalenda (Kisumu)
Hamjambo ndugu zangu. Jirani amenipa kipakatalishi kidogo cha inchi 10, cha enzi za Windows XP. RAM (kumbukumbu ya muda) ni 1GB, diski 160GB, na kibandiko kimeandikwa Intel Atom. Nina watoto ninaowafundisha jioni hapa mtaani, na wengi wao hawajawahi kugusa baobonye. Nataka wajifunze kupiga chapa na kuandika insha zao. XP iliachwa na wenyewe tangu 2014, ndiyo maana nimeamua kuweka Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa.

Nilipakua Linux Mint mpya (aina mojawapo ya Linux) nikaiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Menyu inatokea vizuri. Nikichagua mstari wa kwanza, kioo kinakuwa cheusi na haya maneno:

"This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU. Unable to boot - please use a kernel appropriate for your CPU."

Hapo kinaganda. Fundi mmoja mjini ameniambia diski imekufa ninunue nyingine. Je, ni kweli?

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)
Mwalimu pole. 1GB ni kidogo mno kwa Mint ya siku hizi. Weka RAM ya 2GB kwanza uone.

FundiWaKondele
Mwalimu, shikilia pesa zako. Usinunue diski, na RAM usinunue bado. Umefanya jambo la maana sana kunakili ujumbe neno kwa neno, kwa sababu jibu limo ndani yake. Hatua hiyo kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo kwanza inaamka. Haijafika kwenye diski hata kidogo, kwa hiyo haiwezi kulalamika kuhusu diski. Ilichokagua ni kichakataji: imejengwa kwa biti 64, ikakuta i686, yaani kichakataji cha biti 32. RAM ungeongeza na bado ungeona maneno yaleyale.

Kama XP bado inawaka, bonyeza My Computer kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, usome jina kamili. Atom N270 ya 2008 ni biti 32 pekee. N450 iliyokuja 2010 inakubali biti 64, kwa hiyo neno Atom peke yake halitoshi.

Kama ni N270, Mint ya kawaida haitakubali: waliacha biti 32 kuanzia toleo la 20, mwaka 2020. Debian nayo, aina nyingine ya Linux, toleo la 13 la Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32. Chukua Debian 12, faili ya i386 (yaani biti 32) netinst, inayopakua sehemu nyingine mtandaoni, iko kwenye hifadhi yao ya matoleo ya zamani. Ama antiX ya biti 32, ambayo ni nyepesi zaidi. Nakili faili za jirani yako kwanza kama anazihitaji, maana diski itafutwa.

Na kabla hujaandika flashi, hakikisha faili imefika nzima. Kwenye Windows fungua cmd uandike `certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256` kisha linganisha na namba iliyo kwenye tovuti yao. Mtandao wetu ukikatikakatika, faili hufika na kasoro, halafu mtu anahangaika siku nzima akidhani mashine ni mbovu.

MwalimuNyalenda
Asante sana Fundi. Ni N270 kweli, 1.60GHz. Nimeweka Debian 12 kwa waya wa intaneti, nikachagua LXDE (mwonekano mwepesi wa madirisha na menyu), ikamaliza bila kosa lolote. Sasa kuna jipya: flashi ikiwa imechomekwa, Debian inawaka vizuri kabisa. Nikiichomoa napata "Missing operating system". Na ile menyu ya kusakinisha haipo tena kwenye flashi!

OmwamiWaMumias
Mwalimu, hilo la menyu kupotea ndilo linaloonyesha tatizo liko wapi. GRUB, ile programu inayoita mfumo uamke, imeandikwa kwenye flashi badala ya diski ya ndani. Kisakinishi kinapouliza iwekwe wapi, watu huchagua /dev/sda wakiamini ndiyo diski kuu. Lakini sda ni jina la diski iliyotangulia kuonekana tu, na mara nyingi mashine ikiwashwa kwa flashi, flashi ndiyo inayotangulia. Diski yako bado ina kianzishi cha XP, kinatafuta kitu ambacho hakipo, na maneno hayo ni yake.

Usisakinishe upya. Washa na flashi ikiwa ndani, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`

Angalia ukubwa, usiangalie jina. Ile ya 160GB itajitokeza kama 149G hivi kwa sababu ya namna inavyohesabiwa, usishtuke. Kama ni sda:

`sudo grub-install /dev/sda`
`sudo update-grub`

Andika sda bila namba mbele. Ukiandika sda1 unalenga kipande cha diski, nasi tunataka mwanzo wa diski nzima.

MwalimuNyalenda
Omwami, 149.1G ni sda na flashi ni sdb. Lakini sudo inakataa: "is not in the sudoers file".

OmwamiWaMumias
Ni kawaida ya Debian. Ukimpa root (msimamizi mkuu wa mfumo) nywila wakati wa kusakinisha, akaunti yako haipewi sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi. Andika `su -` pamoja na hicho kistari, weka nywila ya root, kisha amri zile bila neno sudo. Bila kistari utaambiwa "command not found" hata kama GRUB ipo.

MwalimuNyalenda
Imesema "Installation finished. No error reported." Nimezima, nimechomoa flashi, nimewasha. Imeingia! Mungu awabariki. Kitu kimoja tu: saa inasoma mwaka 2009, na `apt update`, amri ya kusasisha orodha ya programu, inasema Release file "is not valid yet".

FundiWaKondele
Hongera Mwalimu! Hiyo ni betri ndogo ya saa iliyo ndani, imeisha. Rekebisha tarehe kwa sasa, ukiwa root: `date -s "MWAKA-MWEZI-SIKU SAA:DAKIKA"`, kisha `hwclock -w`, na apt itakubali. Kabla ya kununua betri, fungua uone iliyomo. Kwenye vipakatalishi vidogo mara nyingi huja na waya na plagi yake, kwa hiyo nenda nayo dukani. Kwa uandishi weka AbiWord, ni nyepesi kuliko LibreOffice kwa 1GB. Ya kupiga chapa weka `tuxtype`, watoto huipenda.

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)
Mimi nina N270 kama hiyo kabatini, nilikuwa nataka kuiuza kama chuma. Mwalimu, ukihitaji ya pili sema, nitaituma Kisumu kwa matatu.