Tupeane uzoefu: kondoo kujikuna na kunyonyoka manyoya, wewe ulifanyaje?

Mwangaluka wakuu. Nianze mimi, niko Misungwi. Mwezi wa tatu, mvua imekolea, dume langu likaanza kujisugua kwenye nguzo ya zizi mpaka nguzo ikang'aa. Puani na kwenye masikio magaga magumu kama ukoko wa ugali. Jirani akasema paka oili chafu ya pikipiki. Nikapaka. Ngozi ikababuka, mnyama akasusa majani, na wiki tatu baadaye wengine sita wanajikuna.

Afisa mifugo akakwangua gaga kwa wembe mpaka damu ikachungulia, akaenda kulitazama kwenye darubini: utitiri wa upele. Tukachoma aivamektini, dawa ya kuua utitiri, chini ya ngozi, mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo hawa wetu wa kilo 25 ni nusu mililita. Alisema nirudie baada ya wiki mbili kwa zizi zima, kwa sababu mayai hayafi. Mimi kwa ubahili nikachoma wanaojikuna tu, tena mara moja. Mwezi wa tano bado nilikuwa nanunua sindano.

Mama Nansio: Pole. Kwangu yalikuwa mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, mabaka ya mviringo usoni mwa wanakondoo, wala hawajikuni sana. Nikapuuza. Kitinda mimba wangu, ambaye kazi yake ni kuwabeba, akatoka mapunye. Hapo ndipo nilipokimbia, mtoto zahanati, wanakondoo iodini na zizi kavu.

Msukuma wa Sengerema: Mimi nilimaliza chupa mbili za dawa ya fangasi bure. Magaga mgongoni, manyoya yamegandana vishungi vishungi, ukivuta gaga linatoka na manyoya yake. Kumbe ni bakteria wanaopenda ngozi iliyoloa. Antibiotiki ya oksitetrasaikilini na bati juu ya zizi, basi.

Kijana wa Magu: Ukinunua mnadani usimwingize zizini siku hiyohiyo. Mimi namfunga kwenye mwembe peke yake wiki mbili, watu wananicheka.

Mama Nansio: Mleta mada, hilo dume ulilichinja?

Mleta mada: Thubutu! Chupa imeandika siku za kusubiri kabla ya nyama kuliwa. Mnunuzi alikuja na hela mkononi, nikamwambia arudi mwezi ujao. Akaondoka amenuna.