Kikundi: MAJIRANI BONDENI, UJIJI (misiba, ulinzi, zahanati)

JUMANNE

20:41 Katibu Mama Rehema: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee. Poleni na funga, wa Ramadhani na wa Kwaresima, mwaka huu zimeingia wiki moja. Jambo ni lile lile la zahanati. Kuta zimeishia kwenye lenta na mvua inazidi kula matofali. Mwaka 2022 tulichanga 10,000 kila kaya, na stakabadhi ninazo 87 kwenye mfuko wa unga. Tunachotaka ni kusomewa hesabu, basi. Ijumaa napeleka barua kwenye ile ofisi tunayoijua wote, sitaitaja humu. Anayekubali jina lake liwemo aandike NIPO.

20:42 Katibu Mama Rehema: NIPO. Mama Rehema, nyumba ya mkunazi.

21:03 Katibu Mama Rehema: Tumo 61 humu. Nimebonyeza ujumbe, waliosoma ni 44.

21:20 Fundi Ally: Katibu, watu wako tarawehe.

21:22 Katibu Mama Rehema: Tarawehe mtu hashiki simu Ally. 44 wameshika.

21:47 Seif wa Bandani: 🎤 0:38 *(Imesambazwa mara nyingi)*
Sikilizeni Ustadh wetu alivyowachana Ijumaa!!! Kawapa vidonge vyao

21:49 Mama Happy: Heee! Ustadh kasema hivyo?

21:50 Dulla Bodaboda: 🔥🔥 Ujiji haina dogo

21:53 Mzee wa Gereji: Samaki migebuka leo Kibirizi inauzwaje?

21:54 Dulla Bodaboda: Mmoja kama ada ya chekechea mzee wangu

21:54 Fundi Ally: 😂😂

21:55 Katibu Mama Rehema: Jamani. Zahanati.

22:10 Katibu Mama Rehema: Seif, hiyo sauti umeitoa wapi? Ijumaa nilikuwepo upande wa wanawake, sikusikia maneno yaliyokaa hivyo. Ifute.

22:12 Seif wa Bandani: Nimefowadiwa tu Katibu. Iko kila mahali mpaka Mwandiga.

JUMATANO

04:52 Ustadh Hamad: Wa alaykumu salaam. Wakati wa daku nimepigiwa simu kutoka Kasulu, mtu ananiuliza kama niko salama. Naomba mnisome mpaka mwisho. Hotuba ya Ijumaa ilikuwa dakika 22. Nilisoma aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Nikasema amana ni deni la dukani, ni siri ya jirani, ni mizani ya sokoni. Nikawasema wanaochanganya mchanga kwenye dagaa, na wengine walikuwa wamekaa saf ya mbele. Ndipo nikasema na anayeshika fedha ya watu wote, naye amana yake ni hiyo hiyo. Aliyekata kaondoa deni, kaondoa siri, kaondoa dagaa na mchanga wake, kabakiza sekunde 38 ninazosikika kama namsuta mtu mmoja. Maneno yangu siyakani. Nakana mkato wake. Na Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka habari tukiletewa tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Seif mwanangu, nakupenda. Ungenipigia kwanza.

05:10 Seif wa Bandani: Nisamehe Ustadh. Humu nimefuta. Huko kwingine siwezi tena.

05:31 Katibu Mama Rehema: Sasa mnaona kwa nini naililia karatasi? WhatsApp inafunga ujumbe njiani tangu 2016, kampuni yenyewe haiusomi. Lakini ukishafika kwenye simu 61 uko mikononi mwa watu 61. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo ili kupotosha watu, faini haipungui milioni 5 au jela haipungui miaka 3, au vyote. Mtasema hamkujua ni ya uongo. Haya, nani atakuamini ukiwa umeshakaa benchi pale polisi? Barua inagongwa muhuri wa kupokelewa, ina tarehe, nakala inabaki kwetu. Haikatwi kipande ikarushwa. Tangu mwaka ule nayasema haya.

06:02 Mama Nasra: Naomba niulize. Tangu mwaka ule mmefanya nini? Baba Nasra alikaa ndani siku nne kwa skrinishoti iliyotoka HUMU. Jina la kikundi hiki lilikuwa juu yake, nimeoneshwa kwa macho yangu. Na alichoandika kilikuwa swali. Aliuliza mifuko 40 ya saruji imeenda wapi. Nani alikuja kwangu hata na sukari robo?

09:15 Dulla Bodaboda: Mechi ya leo saa kumi au saa moja?

09:16 Katibu Mama Rehema: DULLA.

09:17 Dulla Bodaboda: Samahani, sikupandisha juu

09:40 Katibu Mama Rehema: Mama Nasra, mimi nilikuja. Lakini nilikuja usiku, nikapitia uchochoro wa nyuma. Mchana niliogopa kuonekana. Linaniuma mpaka leo.

09:44 Mama Nasra: Ulikuja, sikatai. Wengine je?

10:30 Baba Gloria: Tumsifu Yesu Kristo. Barua siipingi. Ninachoogopa ni hili lililosemwa kikaoni, kwamba tangazo lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Tutaambiwa nyumba za ibada zinafanya siasa. Waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kilutheri, KKKT, 2018 uliwaletea mvutano na serikali. 2023 tamko la maaskofu wetu Wakatoliki kuhusu mkataba wa bandari lilisomwa makanisani, mtu na shemeji yake wakanuniana humu humu Bondeni. Padre wetu ni mgeni, tusimtwishe mzigo huu.

10:52 Mama Happy: Baba Gloria, Luka 16 tuliisoma jumuiyani kwako, wewe ndiye uliyeongoza. "Toa hesabu ya uwakili wako." Siku ile haikuwa siasa?

10:55 Baba Gloria: Kusoma ni kusoma Mama Happy. Kutangaza ni kitu kingine.

11:05 Fundi Ally: Naomba niseme na mimi. Mwaka jana, 2025, intaneti ilipozimwa Oktoba 29, mama yangu mdogo alifariki tarehe 30. Kaka yuko Maskati, tumezoea kuongea kwa WhatsApp. Kajua mtandao uliporudi Jumatatu, kaburi limeshakauka. Mpaka leo ananiuliza kwa nini hatukumsubiri, na sina jibu la kumpa. Siku zile mtaa huu ulipata habari kwa njia gani? Muadhini alitangaza msiba kwenye spika. Katekista akasikia, akapiga kengele, Wakristo wakaja na majembe kabla ya ndugu zangu wa Gungu. Hakuna aliyesema dini imeingizwa.

11:06 Dulla Bodaboda: Dah. Ally pole kaka

11:09 Mama Happy: Kweli kabisa. Mimi niliwapikia wachimbaji uji.

11:30 Baba Gloria: Hilo siwezi kulipinga.

13:18 Mwalimu Mstaafu: Nimechelewa, nilikuwa kliniki. Vijana wengi humu hamjui tulikotoka. 2016 manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali za ngazi ya chini 15 za majaribio duniani katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Kenya ilikuwa Elgeyo Marakwet, Ghana Sekondi-Takoradi. Orodha hiyo hiyo ina Paris, Seoul na Buenos Aires. Sisi wa mwisho wa reli! Nilikata gazeti nikabandika ukuta wa ofisi ya walimu. 2017 nchi ikajitoa kwenye mpango, na wetu ukaishia hapo. Ile karatasi niliitoa ukutani mwenyewe, nikaikunja, ninayo.

13:24 Mwalimu Mstaafu: Lakini sheria haikuondoka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, 2016. Raia anaomba kwa maandishi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaeleza kwa mdomo, afisa anaandika. Juu yake kuna Katiba, Ibara ya 18, haki ya kutafuta na kupewa habari. Tusiende pale kama waasi wala kama waombaji wa msaada. Ila mjue jambo moja. Kupotosha taarifa uliyopewa chini ya sheria hiyo ni kosa. Jibu likija libandikwe lote, kurasa zote, pamoja na yale yatakayotuudhi. Seif, nimekutazama wewe.

13:26 Seif wa Bandani: 🙏 Nimeelewa Mwalimu

13:27 Dulla Bodaboda: Mwalimu, kipindi cha Uraia mimi nilikuwa natoroka kwenda kuogelea ziwani

13:28 Mwalimu Mstaafu: Najua. Nilikuwa nakuona dirishani.

13:28 Mama Happy: 😂😂😂

13:40 Katibu Mama Rehema: NIPO mpaka sasa ni 4. Wanne kati ya 61! Mnaocheka mko wengi, wa kuandika NIPO hawapo.

16:25 Rama (mjukuu wa Bibi): Shikamooni. Nimemsomea Bibi yote tangu jana. Kaniambia niandike anavyosema, nisipunguze neno.

16:31 Rama (mjukuu wa Bibi): "Watoto wangu. Nimezaliwa nyumba hii kabla ya uhuru. Habari zilitufikia kwa treni, kwa mitumbwi ya ng'ambo na kwa msikiti, na uongo nao ulipanda humo humo. Aliyeitoa ile picha mwaka ule namjua. Alikuja kwangu akalia. Alitishwa, ana watoto. Simtaji, na msije kunihoji. Lakini Baba Nasra hajaombwa radhi. Alirudi, mkamwangalia kupitia madirisha. Hilo ni deni la mtaa mzima. Mtadai vipi amana kwa wakubwa, na amana ya jirani yenu mmeikalia? Nendeni mlangoni kwake leo, kabla ya futari, mchana watu wakiona. Mkishatoka huko, jina la kwanza kwenye barua liwe langu. Kuandika sijui, nitaweka dole gumba. Nimemaliza."

17:06 Ustadh Hamad: Shikamoo Bibi. Umetuelekeza. Natoka sasa hivi.

17:07 Katibu Mama Rehema: Shikamoo Bibi. Niko njiani. Kwa njia ya mbele.

17:09 Mama Happy: Nipitieni.

17:15 Baba Gloria: Shikamoo Bibi. Nafunga duka nije.

17:20 Fundi Ally: Nakuja na tende.

19:48 Mama Nasra: Wamekuja saba. Tumefuturu pamoja, na Baba Gloria kaleta mkate wakati mwenyewe kafunga. Sina la kusema zaidi leo.

20:30 Ustadh Hamad: Kuhusu tangazo. Ijumaa sitalitia kwenye hotuba. Baada ya sala nitasimama na karatasi: barua imepelekwa tarehe fulani, jibu linatakiwa ndani ya siku 30, nakala iko ukutani. Nitasoma kama ilivyo na kuketi. Atakayerekodi arekodi lote.

20:41 Baba Gloria: Nitaongea na Katekista. Sitoi ahadi kwa niaba ya Padre.

20:44 Mama Happy: Muulize leo Baba Gloria, matangazo yanaandikwa Alhamisi.

21:12 Baba Nasra: Nimesoma yote. Nawashukuru mliokuja. Kuhusu sahihi, niachieni mpaka kesho. Mama Nasra hataki, na ana haki ya kutotaka. Mnaposema siku 30, mimi ninahesabu zile nne.

21:13 Katibu Mama Rehema: Chukua muda wako baba. Barua itakusubiri.

21:40 Mzee wa Gereji: Ile barua itataja mifuko 40, au hesabu zote kwa jumla?

21:44 Mwalimu Mstaafu: Jumla. Mapato, matumizi, kilichobaki. Mifuko itajitokeza yenyewe.

21:46 Mama Nasra: Mifuko itajwe. Mwenzangu alilala chini kwa ajili ya ile mifuko.

21:59 Mwalimu Mstaafu: Mama Nasra, tukitaja mifuko watajibu mifuko tu.

22:01 Mama Nasra: Itajwe.

ALHAMISI

05:20 Katibu Mama Rehema: Sabahal kheri. NIPO ni 9, pamoja na dole gumba la Bibi. Mifuko tutaiweka aya ya pili, jumla aya ya kwanza. Mwalimu usikasirike. Kama Baba Nasra hajaamua kufikia kesho asubuhi, nasogeza Jumatatu, ila Ustadh alishasema atatangaza kesho. Ustadh, utasubiri?

05:22 Katibu Mama Rehema: Waliosoma ni 52.

06:10 Mzee wa Gereji: NIPO. Na bei ya migebuka hamjaniambia.

06:30 Katibu Mama Rehema: Wa 10. Ahsante mzee wangu. Nani ana printa? Sitaki kuchapa stashenari, kompyuta ile kila mtu anaifungua.

06:47 Fundi Ally: Printa ninayo. Wino umeisha.

06:48 Katibu Mama Rehema: Wino shilingi ngapi?