Tupeane uzoefu: usiku choo kilipofurika

Mtoto wa Kigogo: Wakuu, mvua ya jana usiku imenirudisha mbali. Nani yamemkuta ya choo kufurika?

Naanza mimi. Kigogo bondeni, Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011. Jirani wa juu yetu alizoea kutapisha: mvua ikishika, anatoboa ubavu wa shimo, maji yanabeba. Usiku ule mto Msimbazi nao ukapanda, vyote vikakutana mlangoni kwetu. Mama alishika chemli, mdogo wangu tumempandisha juu ya kabati la vyombo. Nilichoona kwenye ule mwanga ni funza weupe wanapanda ukutani, wengi, wanakimbia maji kama sisi. Maji yalipokwisha mama alifua zile shuka mara tatu, akazianika, akazinusa. Kisha akazichoma. Hatukuwa na nyingine.

Kurasini ya zamani: Pole sana. Kutapisha ni dhambi.

Mpangaji Tandale: Tusihukumiane. Gari la majitaka linataka barabara, uchochoro wetu hata guta halipiti. Mwenye nyumba anasema tuchange, sisi tunasema shimo ni lake. Wiki ya tatu choo kinarudisha, watu kumi na wanne, utafanyaje?

Mtoto wa Kigogo: Ndiyo unimwagie mimi?

Mpangaji Tandale: Sijasema hivyo mkuu. Nasema njoo ukae kwetu wiki moja.

Bibi wa Magomeni: Wanangu msigombane. Mwaka 2015 kipindupindu kilituanza Agosti, kiangazi, hakuna cha masika. Msisingizie mvua peke yake.

Keko Machungwa: Nimesoma nikashindwa kunyamaza. Mimi nilikuwa chura, yaani mpakua vyoo, miaka minne, tunashuka shimoni na ndoo. Tulikuwa tunamwaga mafuta ya taa kukata harufu, tukadhani yanaondoa na hewa mbaya. Siku moja mwenzangu kajaza ndoo mbili, ya tatu haikuja. Naita, kimya. Nikavua shati nishuke. Mama mwenye nyumba akanikamata kiunoni, analia, hataki kuniachia. Tukamvuta kwa kamba aliyojifunga kwapani, wanaume watano. Katoka midomo ya bluu. Kazinduka wakati tunamwagia maji usoni. Yule mama aliniokoa mimi, maana hewa ya shimo inachukua na anayefuata kuokoa.

Kurasini ya zamani: Ya Rabi.

Mtoto wa Kigogo: Wote mlikuwa mnajifunga kamba?

Keko Machungwa: Hapana. Yeye tu, mama yake alimsisitiza.

Fundi chemba: Hii kazi siku hizi kuna pampu ya mkono, wanaita galpa. Unasimama juu, inapita uchochoroni, uchafu unajaa kwenye mapipa, yanapakiwa pikipiki ya matairi matatu. Hakuna haja ya mtu kushuka.

Mama Toangoma: Sisi tunatia majivu na magadi, linashuka.

Fundi chemba: Majivu yanapunguza harufu, lakini shimo yanalijaza. Na acheni kumimina dawa kali za kusafishia, zinaua vijidudu vinavyomeng'enya.

Mama Toangoma: Mwaka wa sita huu natia, sijaita gari.

Mzawa wa Mafia: Huenda mchanga wako unanyonya mama. Kwetu kisiwani chini ni mawe ya matumbawe, yana nyufa. Shimo halijai kabisa, watu wanafurahi, kumbe majitaka yanapita moja kwa moja hadi kisimani. Babu alichimba choo upande wa chini wa kisima, tukamwona mkorofi. Alikuwa sahihi.

Vingunguti mabwawani: Na majitaka yakinyonywa na gari yanakuja kwetu, kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Bwawa la kwanza lenye kina tope linatulia, mengine jua na mwani vinamalizia, yanatoka afadhali. Ila upepo ukigeuka jioni, chakula hakiliki. Nasi mtukumbuke.

Mpangaji Tandale: Fundi, hao wa galpa wanatoza kwa pipa au kwa safari?

Fundi chemba: Kwa pipa. Waite kabla masika hayajashika, wakibanwa na kazi huwapati.

Mpangaji Tandale: Kesho naongea na wenzangu, mwenye nyumba tutamdai baadaye.