Naomba ushauri: tairi pacha za gari-nyumba kwenye jangwa la Nullarbor

Wakuu, heshima kwenu. Safari ni ya Australia, kutoka Ceduna hadi Norseman kwa barabara kuu ya Eyre, takriban kilomita 1,200. Tuko wawili, gari-nyumba la dizeli lenye tairi pacha nyuma, yaani mbili zimebanana kila upande.

Mafuta hayanisumbui: lita 18 kwa kilomita 100, upepo wa mbele ukivuma nakadiria 22, na tangi la lita 90 nitalijaza kila likifika nusu. Maji ni lita 100 kwenye tangi na 20 za kunywa kwenye madumu ya pembeni, maana bomba likipasuka tangi lote linamwagika. Matunda, mboga mbichi na asali vitaliwa kabla ya Border Village, haviruhusiwi kuingia Australia Magharibi. Usiku hatutembei, kangaruu huvuka barabara.

Kinachoninyima usingizi ni tairi ya ndani. Ikipungua upepo huioni kwa macho, kwa sababu tairi ya nje inabeba mzigo wote. Hiyo ya ndani inachemka ubavuni, kisha inapasuka. Nitapima kila asubuhi zikiwa baridi, na zikipata moto sipunguzi upepo hata presha ikipanda.

Mnaoyafahamu magari haya: nifunge vali ndefu za chuma ili niifikie tairi ya ndani, au vihisi vya presha? Virefusho vya vali vya mpira naviogopa, vikitikisika sana huvuja shinani. Na jiwe likikwama katikati ya tairi pacha, mnalitoaje bila kufungua gurudumu?