Tupeane uzoefu: kingatiba ya antibiotiki kijiji kizima, je, watoto walikua zaidi?

Mama Kulwa (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu wadau. Kwetu kingatiba ya trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, imeshapita zaidi ya mara moja. Watu wote wanamezeshwa azithromaisini, kuanzia vitoto vya miezi sita mpaka wazee. Kila ikipita, kinamama tunaanza kuambiana kwamba dawa hii "inakuza" watoto. Wangu wa mwisho alikuwa haishiwi kikohozi, na macho yanaamka na tongotongo. Alipomeza, macho yakakauka, akaanza kudai chakula mwenyewe, na kliniki mstari wake kwenye kadi ukapanda. Mtoto wa wifi yangu alimeza siku ileile na hakuna kilichobadilika.

Waliogawa, waliomezesha watoto wao, waliopima, karibuni. Naomba msiniambie "alichangamka" tu, nataka kilo na sentimita.

Mgawadawa

Nimegawa hiyo dawa kwa misimu kadhaa, nianze na ile fimbo tunayopimia kimo kabla ya kutoa dawa. Watu wengi wakiona mtoto anasimamishwa kwenye fimbo wanadhani tunapima ukuaji. Kuna mama aliniuliza, "Ameongezeka ngapi tangu mwaka jana?" Fimbo ile imegawanywa vipande, kila kipande kina kiasi chake cha dawa, kwa sababu kubeba mizani nyumba kwa nyumba ni kazi. Mtoto anaweza kurefuka na akabaki kwenye kipande kilekile. Kwa hiyo anayesema "fimbo ilionyesha amekua", hapana, fimbo haikuonyesha kitu.

La pili, siyo kila mtoto anapewa ya kumeza. Walio chini ya miezi sita hupewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Na tafadhali kinamama, mtoto akilia msitusukume tumlaze na kumbana pua ili ameze. Atapaliwa. Tunamsubiri atulie, akae wima, ndipo anywe. Foleni ikikasirika, ikasirike.

Kuhusu kukua, mimi nilichoona ni macho tu. Macho yalipona kweli.

Baba Pendo

Wa kwangu aliharisha siku mbili baada ya kunywa, kisha akawa sawa. Uzito haukuongezeka wala kupungua. Sina la zaidi.

Mfugaji Mkongwe

Mnazunguka bure. Sisi wafugaji tunajua antibiotiki inakuza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 Wamarekani waligundua kwamba kuku waliochanganyiwa kidogo kwenye chakula wananenepa haraka. Dunia nzima ikaiga, hadi Umoja wa Ulaya ukaja kupiga marufuku matumizi hayo mwaka 2006. Kama kuku anakua, mtoto ashindwe kwa nini?

Mpimaji

Mkuu Mfugaji, kuku wako anakula dawa kila siku, kwenye chakula kilichopimwa, ndani ya banda, na umri wake ni wa wiki. Kingatiba ni dozi moja, mara moja au mbili kwa mwaka, kisha mtoto anarudi kutambaa kwenye udongo uleule. Ila swali lako watafiti nao walijiuliza, tena kwa dhati.

Mimi nilikuwa mpimaji kwenye utafiti mmoja wa watoto wadogo. Niwaeleze urefu unavyopimwa, maana hapo ndipo maneno mengi ya mtaani yanapokufa. Mtoto wa chini ya miaka miwili hasimamishwi, analazwa kwenye ubao. Mtu mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yatazame dari. Mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kibao cha chini mpaka kiguse nyayo. Soksi zinavuliwa, na nywele zilizofungwa mafungu zinafunguliwa hata mama akinuna. Mtoto anapiga mateke, mnasoma, mnarudia. Tena aliyelala huonekana mrefu kuliko akisimama, tofauti ya wastani ni sentimita 0.7. Ukimpima amelala leo na mwezi ujao akasimama, utasema amesinyaa.

Sasa matokeo. Kabla ya utafiti uitwao ELICIT kuanza, wazo lilikuwepo: watoto wengi wana vijidudu tumboni, kama Shigella na Campylobacter, bila hata kuharisha. Utumbo unavimba kimyakimya na chakula hakifyonzwi vizuri. Ukiviua, mtoto atarefuka. ELICIT ikafanyika Haydom, hapahapa Tanzania. Watoto walipewa azithromaisini wakiwa na miezi 6, 9, 12 na 15, na dawa nyingine ya vijidudu vya tumbo wakiwa na miezi 12 na 15. Walipofikisha miezi 18 walipimwa urefu: waliopewa dawa na waliopewa dawa bandia (isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu) hawakutofautiana. Matokeo yalitoka 2021. Niger nao waliangalia watoto wa vijiji vilivyopewa kingatiba, Gambia vilevile, na ukuaji haukusogea.

Kuna uchambuzi wa 2014 uliounganisha majaribio 10 ya antibiotiki kwa watoto wa nchi maskini. Huo uliona ongezeko: gramu 23.8 na sentimita 0.04 kwa mwezi. Ila wengi wao walikuwa watoto wagonjwa au wenye utapiamlo, siyo kila mtoto wa kijiji. Na hiyo 0.04 kwa mwezi huwezi kuiona kwa macho, wala kwa suruali iliyofupika.

Mama Kulwa

Kwa hiyo wangu aliongezeka uzito kwa sababu gani? Mstari ulipanda, sikuota.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, hukuota. Mtoto aliyekuwa mgonjwa akipona, hamu ya kula inarudi na uzito unapanda haraka, anafidia alichopoteza. Nimeliona hilo kliniki maisha yangu yote ya kazi, na halikuhitaji azithromaisini. Akipona malaria linatokea, akipona nimonia linatokea. Wako alikuwa na kikohozi, pengine dawa ilimsaidia kweli kwenye kifua. Wa wifi yako hakuwa na ugonjwa wa kuponywa, ndiyo maana hukuona kitu.

Tatizo letu ni kuchanganya uzito na urefu. Uzito unapanda na kushuka ndani ya wiki. Udumavu unajengeka taratibu tangu tumboni mwa mama, na uzito wa kuzaliwa una sehemu yake kubwa. Mtoto mfupi kwa umri wake anaweza kuwa na mashavu mazuri na bado amedumaa. Dozi moja kwa mwaka haiwezi kufuta hayo, na kusema kweli sijui nani aliyewaambia kinamama itafuta.

Shangazi wa Kijiji

Shikamoo nesi. Basi kama haikuzi, mbona kuna nchi wanawapa watoto wadogo tu, hata pasipo na trakoma?

Nesi Mstaafu

Marahaba mama. Huko wanatafuta jambo kubwa kuliko urefu: wasife. Utafiti wa MORDOR ulifanyika Niger, Malawi na Tanzania, kwetu ulikuwa Kilosa. Watoto wa mwezi 1 hadi 59 walipewa mara mbili kwa mwaka, vijiji vingine vikapewa dawa bandia. Matokeo ya 2018 yalionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla. Niger peke yake ilikuwa asilimia 18.1, Tanzania 3.4 tu. Waliofaidika zaidi ni vichanga vya mwezi 1 hadi 5. Kwa hiyo dawa inaweza kumwokoa mtoto na isimwongezee hata nusu sentimita. Hayo mawili hayagombani.

Mfamasia Mpole

Niongeze moja linaloniudhi. Baada ya kampeni huwa wanakuja watu dukani kutaka "ile ya kukuza". Siuzi. Kule Niger, kwenye vijiji vilivyopewa azithromaisini, vijidudu vya tumboni vya watoto vilionekana kuwa na usugu zaidi kwa kundi hilo la dawa. Ndiyo maana mwaka 2020 WHO haikusema kila mtoto apewe. Ilisema nchi zifikirie watoto wa miezi 1 hadi 11 tu, tena mahali ambapo vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vinazidi 60 kwa kila vizazi hai 1,000, au vya walio chini ya miaka mitano vinazidi 80, na usugu ufuatiliwe. Hayo ni maamuzi ya serikali, siyo ya mama na chupa aliyobakiza kabatini.

Mfugaji Mkongwe

Haya, nimewasikia. Ila kuku wangu walikua.

Mama Kulwa

Nimetoa kadi zote mbili, yangu na ya wifi. Uzito umeandikwa karibu kila mwezi. Sehemu ya urefu ina namba za mwanzo tu, kisha patupu.

Mpimaji

Ndivyo ilivyo kwa wengi. Mwezi ujao omba alazwe kwenye ubao, na wewe shika magoti. Akifikisha miaka miwili ndipo aanze kusimama, na waandike kwenye kadi kwamba alipimwa amesimama.