Familia Katuba: muguu ya Héri

Mama Héri: Bandugu yambo. Munganga alipita asubui, anasema ule muguu wa Héri wenye remorki (trela) ilibana pa dipo ku kazi habataikata kwa sasa, Mungu asifiwe. Ila shefu wa pa dipo alikuya na bahasha ya feza na karatasi ya kutia sinyatire. Eko anangoja pa mulango. Nifanye nini??

Tonton Kaz: Usiguse kalamu. Pika karatasi foto, tuma hapa

Mama Héri: 📷

Ya Bijou: Nimesoma. Mustari wa mwisho unasema Héri hatadai tena kitu chochote. Tantine tafazali, umuambie kwa heshima tu kama jamaa itasoma mbele. Kama banataka kusaidia balipe dawa pale pa kulipia pa lopitali, tupewe resi, hiyo haina shida

Papa Kasongo: Miye naona tukamate. Héri ni jurnalie (anafanya kazi ya siku kwa siku), hana kontra, hana karatasi hata moja. Avoka (wakili) atakula feza na mwisho kampuni njo itashinda. Batoto beko na njaa leo siyo mwaka kesho

Ya Bijou: Papa Kasongo naelewa, njaa ni ya kweli, tutachanga humu humu juu ya batoto. Lakini kukosa kontra ya kuandika siyo kukosa haki. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamuruhusu mufanyakazi kuhakikisha kazi yake kwa njia yote, na jurnalie mwenye amefanya siku 22 mu miezi 2, bakimuita tena mbele miezi hiyo iishe anahesabiwa kama mutu wa kontra isiyo na mwisho. Héri eko pale tangu mvua ilianza. Na kila posho walikuwa banamutumia mu telefone, sivyo?

Mama Héri: Ndiyo, kila juma, ma mesaji iko

Ya Bijou: Basi hizo mesaji njo karatasi yake!! Asifute hata moja. Tena aksida ya kazi ni mambo ya CNSS (kasha ya serikali ya kulinda bafanyakazi), patro njo anachangia 1,5% juu ya hatari za kazi, haikatwe ku mushahara ya mutu. Kama hakumuandikisha hilo ni kosa lake, siyo la Héri

Trésor: Yaya niko dipo sasa hivi, beko banasude (banaunga na moto) ile kulabu ya remorki yenye ilimubana Héri ku ukuta, na chini ya matairi leo baliweka mbao za kuzuia, ile siku hapakuwa hata moja, nilipika foto siku ile ile mbele bainue remorki, damu inaonekana na kulabu imepasuka inaonekana

Ya Bijou: Trésor Mungu akubariki. Usizitume hapa kama foto, WhatsApp inaziminya na kuondoa tarehe. Tuma kama dokima, na zile za kwanza ziachie mu telefone yako

Chantal (nesi): Mama Héri, mukojo yake iko rangi gani?

Mama Héri: Jana ilikuwa nyeusi kama koka. Leo inaanza kuwa njano

Chantal (nesi): Umuambie munganga sasa hivi na aiandike mu dosie. Nyama ikibanwa saa nyingi sumu yake inaingia mu damu, inaweza kuua figo hata kama mufupa umepona. Omba sertifika ya siku ya kwanza, ma radio (picha za mifupa) yote, na ile botte (kiatu) balikata na makasi msitupe, iweke mu sashe kavu

Tonton Kaz: Na feza ya avoka?

Ya Bijou: Barreau (chama cha ba avoka) iko na biro ya konsiltasio ya bure. Komini inatoa karatasi ya indijansi (ya kuonyesha kama mutu hana feza). Tunaanza kwa inspekta wa kazi, bila kupita kwake kupatanishwa tribinali ya kazi haitapokea

Papa Kasongo: Sawa. Ya komini miye nitaenda kesho asubui, Mama Héri unitumie karte ya Héri

Trésor: Sinzili (mulinzi) wa dipo aliona yote. Anakubali kusema ila anaogopa kazi yake

Ya Bijou: Namba yake nitumie pembeni. Jina lake lisiandikwe humu, hata mara moja